Mikopo ya asilimia mbili: Vikundi vya wenye ulemavu vikokotoe upya

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

KITUO cha mabasi cha Msamvu ni njia panda ya abiria na ya habari pia. Anayeshuka kutoka Dodoma husimulia kwamba mikopo ya watu wenye ulemavu imepelekwa benki, ilhali mwenyeji wa Morogoro anaelekezwa halmashauri. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo vikundi vingi vinapochanganyikiwa.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Wanawake hupata asilimia nne, vijana nne na wenye ulemavu mbili. Kwa maana hiyo, katika kila Sh100 milioni zinazohesabiwa, wenye ulemavu wanapata Sh2 milioni. Ni fungu dogo, hasa ikizingatiwa kuwa Sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu.

Kanuni zake zilitungwa 2019. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo, baada ya ukaguzi kuibua fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Iliporejeshwa 2024 chini ya kanuni mpya, halmashauri 10, zikiwamo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, ziliteuliwa kujaribu utaratibu wa benki. Morogoro haikuwamo, 174 zilizobaki ziliachiwa utaratibu ulioboreshwa wa halmashauri zenyewe. Kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko Dodoma, hata ukiwa wa nia njema, usifuatwe kabla ya kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kikundi kilichoandika mpango wake kabla ya zuio hakina budi kukokotoa upya, maana bei ya cherehani au friji ya 2023 si ya leo.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachokopa Sh3 milioni na kutakiwa kurejesha kwa miezi 20. Marejesho ni Sh150,000 kila mwezi, biashara iwe imechangamka au imelala. Juu yake kuna gharama ambazo vikundi vingine havina: bajaji ya mwanachama asiyeweza kupanda daladala, ujira wa mkalimani wa lugha ya alama, posho ya msaidizi wa asiyeona. Gharama hizi si anasa, lakini mara nyingi haziandikwi popote, kisha zinachotwa kimyakimya kwenye mtaji.

Ziandikwe tangu kwenye andiko la mradi, kwa kiasi cha kila mwezi. Iwapo mauzo yanayotarajiwa hayatoshi kulipa gharama hizo pamoja na marejesho, ni heri kuomba Sh2 milioni kwa biashara ndogo zaidi. Mkopo huu hauna riba, lakini si ruzuku, na kikundi kinachoshindwa kulipa kinapunguza fungu lile lile analosubiri mwenye ulemavu mwingine.

Tena, asilipwe mtu malipo ya awali ya kifaa chochote kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti ya kikundi.