Conques, Kijiji Kilichotunza Amana

Conques ni kijiji kidogo cha kusini ya Ufaransa, katika mkoa wa Aveyron ambao zamani uliitwa Rouergue, nacho kimejengwa ubavuni mwa mlima, karibu na mahali kijito cha Ouche kinapoingia katika mto Dourdou. Tangu mwaka 2016 kimeunganishwa na vijiji jirani, vikawa wilaya moja iitwayo Conques-en-Rouergue. Majira ya baridi huko ni makali, wakazi ni wachache, na riziki yao aghalabu hutokana na wageni. Nyumba ni za kiunzi cha miti kilichojazwa chokaa, na mapaa yameezekwa mabamba ya mawe.

Kanisa la abasia ya Sainte-Foy lilianza kujengwa katikati ya karne ya 11, likawa kituo cha mahujaji wanaotoka Le Puy kwenda Santiago de Compostela, nchini Hispania. Juu ya mlango wake mkuu imechongwa Siku ya Hukumu, yenye watu 124, wema wakiwa kuumeni mwa Masihi na waovu wakisukumwa katika kinywa cha dubwana. Madirisha yake 104 yametiwa vioo visivyo rangi vilivyobuniwa na msanii Pierre Soulages, mzaliwa wa Rodez, kazi iliyokamilika mwaka 1994. Na mwaka 1998 kanisa hilo, pamoja na daraja la mahujaji lililo juu ya Dourdou, liliingia katika orodha ya urithi wa dunia.

Hesabu hizo naziacha hapo, kwa kuwa tangu nilipoiona hazina ya Conques sina hamu ya kusimulia jambo jingine.

Ndani ya hazina hiyo imo sanamu ya Sainte Foy, binti wa Agen ambaye, kwa mapokeo ya Wakristo, aliuawa kwa ajili ya dini yake mwaka 303, na ambaye masalia yake yaliibwa na mtawa wa Conques katika karne ya 9. Ameketi katika kiti cha enzi, kimo chake sentimita 85, mwili wa mti uliofunikwa dhahabu na kichwa cha kale kilichofuliwa zama za Warumi. Na johari zilizompamba zimeongezwa karne baada ya karne. Nilisimama mbele yake nikistaajabu, wala si kwa wingi wa dhahabu, bali kwa kuwa dhahabu ile ingalipo.

Kwani yalipokuja Mapinduzi ya mwaka 1789, na serikali mpya ikaamuru vyombo vya makanisa vichukuliwe na kuyeyushwa ili vigeuzwe sarafu, wanakijiji wa Conques, waliokuwa watu wa jembe na ufukara, waliitwaa hazina ile, wakaificha miongoni mwao, na hatari ilipopita wakairudisha. Hebu tafakari: mtu analala na njaa, na karibu naye kimefichwa kitu kinachotosha kumtajirisha, naye haguswi na tamaa, kwa sababu anajua kwamba kile si chake peke yake, ni cha babu zake na cha wajukuu atakaowaacha. Hata Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale, alipofika mwaka 1837 na kulikuta kanisa likikaribia kuanguka, akaihimiza serikali ilitengeneze, amana ya ndani ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa na wasio na cheo.

Nasi wa pwani hatukunyimwa urithi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha hiyohiyo mwaka 1981, yaani miaka 17 kabla ya Conques, lakini kuanzia mwaka 2004 hata 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini. Milango ya nakshi imeng'olewa majumbani ikauzwa kwa wageni. Hati za mashairi na nasaba zimeachwa sandukuni zikaliwa na mchwa. Kisha tunailaumu serikali. Serikali ina wajibu wake, lakini mlango wa nyumba huuzwa na mwenye nyumba. Basi aliye na mlango auache ukae mahali pake, na aliye na hati aipeleke kwenye nyaraka za taifa ingali inasomeka, kwa maana lililowezekana kwa wakulima wa Conques katika siku za hofu halitushindi sisi katika siku za amani.