Je, wajua? Rangi za terminali ni maandishi yaliyojificha

Katika maporomoko ya Sanje, upande wa Kilombero wa milima ya Udzungwa, maji huanguka takriban mita 170. Jua likipenya rasharasha zake, upinde wa mvua hutokea, kwa kuwa rangi zote zimo ndani ya mwanga na matone huzitenganisha tu. Katika terminali, lile dirisha la kompyuta linalopokea amri za kuandikwa, mambo ni kinyume: maandishi hayana rangi yoyote ndani yake. Programu ya FIGlet, ya mwaka 1991, huchukua neno kama IFAKARA na kulichora kwa mistari na mikwaju (/). Nyingine, lolcat, huupokea mchoro huo na kuuvika rangi za upinde. Inazipata kwa hesabu: mawimbi matatu ya sini, la nyekundu, la kijani na la buluu, yaliyoachana kwa nyuzi 120, moja likishuka jingine hupanda. Jibu huandikwa kama amri inayoanza na alama namba 27 ya ASCII, na skrini huitii bila kuionyesha.

Yupo atakayesema huo ni mchezo wa kupoteza muda, tena wa hatari. Hoja yake ina uzito. Amri moja ya rangi kamili yaweza kufikia herufi 19, kwa kupamba mkwaju mmoja tu, na ikiingia kwenye faili hubaki humo kama takataka. Mjini Ifakara, ambako utafiti wa magonjwa ya kitropiki unaendelea tangu miaka ya 1950 na Taasisi ya Afya Ifakara huchunguza vinasaba vya mbu, kosa hilo si dogo: DNA huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T, na namba za rangi zikichanganyika nazo, data imeharibika. Lakini lolcat yenyewe, ile ya awali ya Ruby, ina jibu. Kabla ya kupaka hutazama maandishi yanakwenda wapi: yakienda kwenye skrini huyapaka, yakienda kwenye faili huyapitisha yalivyo, isipokuwa ilazimishwe. Sioni somo jepesi kuliko hili la kumwonyesha kijana kwamba data ni kitu kimoja na sura yake kingine. Mwalimu wa kompyuta, chora jina la mji wako, lipake rangi, kisha lihifadhi kwenye faili. Waache wanafunzi wazitafute rangi humo.