Kuchomelea si kubandika: Istilahi za karakana na roho ya dereva

Kauli "piga weldi hapo" ni miongoni mwa kauli zinazosikika kutwa nzima katika karakana za jua kali, kuanzia Ukunda hadi Msambweni na kwingineko nchini. Lango likilegea bawaba, hupigwa weldi. Kitanda kikivunjika mguu, hupigwa weldi. Fremu ya bodaboda ikipata ufa, nayo hupigwa weldi. Kauli moja hubeba kazi zote, na kwa lango au kitanda hakuna anayeumia sana kwa ufukara huo wa lugha. Ipo kazi moja, hata hivyo, isiyovumilia kauli ya jumla. Nayo ni kutengeneza fremu ya mabomba inayomkinga dereva wa gari la mashindano gari linapobingirika.

Msomaji mmoja wa Msambweni, anayejiundia kigari cha mbio za vumbini, ameniuliza fremu hiyo tuiiteje kwa Kiswahili, maana fundi wake huiita "rolikeji" na yeye neno hilo halimkai mdomoni. Swali lake ni la istilahi. Jibu lake, kama nitakavyojaribu kuonyesha, linagusa uhai.

Si swali la anasa pia. Mbio za Safari zilianza 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu 2021 zimerejea katika ubingwa wa dunia baada ya kuwa nje tangu 2002. Shindano la Rhino Charge, linalochangisha fedha za kuhifadhi misitu na wanyama, limekuwapo tangu 1989, na magari yake mengi hufumuliwa na kuundwa upya hapa hapa nchini. Kazi hiyo hufanywa na mafundi wanaozungumza Kiswahili kutoka asubuhi hadi jioni, ilhali vitabu na kanuni za kazi yenyewe vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa.

Tuanze na jina. Wapo wanaopendekeza "kizimba". Neno hili lina kasoro ya maana. Kizimba ni cha kuku, au ni pale mshtakiwa anaposimama mahakamani. Kazi yake ni kuzuia kilichomo kisitoke. Fundi akiambiwa atengeneze kizimba, akili yake huenda moja kwa moja kwenye grili za madirisha, kazi anayoifanya kila siku. Fremu tunayoizungumzia haimfungi mtu. Inabeba uzito wa gari zima likiwa juu chini, na kuusambaza ili paa lisimlalie dereva.

Waunda vyombo wa Shimoni na Vanga wana neno lililo karibu zaidi: mataruma. Hizi ndizo mbavu za mbao ndani ya jahazi au mashua, zinazozipa mbao za ubavuni umbo na nguvu. Ondoa mataruma, na wimbi la kwanza litakipondaponda chombo. Napendekeza basi tuseme "mataruma ya usalama". Kipande kikubwa kinachosimama nyuma ya kiti cha dereva tukiite "tao kuu", neno ambalo mjenzi yeyote wa Pwani analijua. Linalofuata kioo cha mbele liwe "tao la mbele". Bomba linalokatiza kutoka pembe hadi pembe ni "mshazari", na hili halifai kuachwa kwa kubana matumizi. Umbo la pande nne likisukumwa hulala upande, lakini pembetatu hailali. Fundi wa nyumba za makuti anayepigilia mti wa mshazari kwenye kiunzi anaijua kanuni hii bila kuisoma popote.

Sasa tuje kwa malighafi. Hapa Kiswahili sanifu ndicho kinachopaswa kujifunza kutoka karakana. Sisi wa kamusi tuna neno moja, bomba. Mafundi wana mawili: "paipu" na "tyubu". Paipu ni ya kupitisha maji, tyubu ni ya kujengea fremu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu wa maji akisema "inchi moja na nusu", anataja tundu la ndani kwa makadirio. Upande wa nje wa paipu hiyo hufikia milimita 48 hivi. Mtu wa fremu akisema "inchi moja na nusu", anataja kipenyo cha nje, yaani milimita 38. Ukimtuma kijana dukani na neno "bomba" pekee, atakuletea lililo karibu na mlango.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zimeweka vipimo wazi. Tao kuu liwe la kipenyo cha nje cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2.0. Sehemu nyingine ziwe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Chuma chenyewe kiwe kimevutwa kikiwa baridi na kisiwe na mshono. Paipu nyingi za maji zina mshono unaokwenda urefu wote, na mshono ni mahali pa kupasukia. Tena nyingi zimepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka jioni yake, na huharibu maungio yenyewe. Maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi huingia tumboni. Mapafu hayaonji hata tone.

Tao kuu hukunjwa kutoka bomba moja lisilounganishwa popote, tena kwa baridi, kwa mashine ya kupindia. Ule mtindo wa kujaza mchanga na kupasha moto haufai hapa. Kona nayo isiwe kali: nusu kipenyo chake kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Bomba likikunjamana kwa ndani kama shingo ya mzee, litupwe.

Nimefika kwenye kiini cha makala haya, ambacho ni kitenzi. Kiswahili hakikukosa maneno ya kuunganisha. Tunayo kwa daraja, na kila daraja ina nguvu yake.

La kwanza ni kubandika. Kilichobandikwa kinakaa juu ya kingine, na kinaweza kubanduka. Hivyo ndivyo ilivyo weldi iliyopigwa haraka kwa moto mdogo: inang'aa, ina mawimbi mazuri, lakini imekaa juu ya chuma kama ubani juu ya meza.

La pili ni kupiga bandi. Fundi cherehani kabla ya kushona hupitisha nyuzi za muda, ndefu na chache, ili kitambaa kisihame. Mchomaji naye hutia vidoto vya muda kwenye kila kiungo, kisha husimama, hupima, huweka kiti, hukaa na kofia ya mashindano kichwani aone nafasi iliyobaki. Mataruma yote hupigwa bandi kwanza. Ukikamilisha kiungo kimoja kabla ya vingine, joto litayavuta mabomba na umbo litapinda.

La tatu ni kulehemu. Kamusi nyingi hulitumia kwa kila aina ya maungio ya moto. Ningependa tulibakishie kazi ya sonara na fundi wa redio, ambako risasi au fedha huyeyuka na kugundisha vitu viwili ambavyo vyenyewe havikuyeyuka. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu unaotoa pia neno la nyama na la kufunga kwa kidonda. Picha ni nzuri, ila kwa mataruma haitoshi.

La nne ni kuchomelea, na hili litazamwe kwa makini. Mzizi ni chom-, kisha kauli ya kutendea imeingia mara mbili: choma, chomea, chomelea. Unachoma nyama, unawachomea wageni, unachomelea chuma. Mnyambuliko huu maradufu si pambo. Kushika ni kushika, lakini kushikilia ni kutoachia. Kwenda ni kwenda, lakini kuendelea ni kutosimama. Kutupa ni kutupa, lakini kutupilia ni kutupa usirudie tena. Kiambishi kinapojirudia, huleta maana ya kufika mwisho wa jambo. Kuchomelea, kwa mantiki hiyo, ni kuchoma hadi vyuma viwili viyeyuke, viingiane na viwe kimoja. Kanuni za FIA nazo zinadai hivyo hivyo: mshono uzame unene wote wa chuma na uzunguke bomba lote.

Neno "lote" ndilo linalowashinda wengi. Bomba likiwa karibu na paa, mkono wa fundi haupiti upande wa juu. Hapo ndipo husikika yale mazungumzo ya karakana:

"Fundi, huku nyuma je?"

"Huko hakuonekani, bwana. Hii yatosha, itashika."

Itashika, naam. Swali ni kama itashikilia. Waangalifu hukata matundu sakafuni, wakayateremsha mataruma, wakachomelea sehemu ya juu kwa nafasi, kisha wakayainua na kuziba kwa bamba. Mwenye kigari kisicho na paa, kama msomaji wangu, hana udhuru wowote.

Kabla ya hapo, ncha ya bomba linalokutana na jingine ichongwe ipate mpinde, imkumbatie mwenzake bila mwanya. Mwanya mkubwa ukijazwa kwa rodi huwa ni kiraka, na ganda la rodi likibaki ndani ni ufa unaosubiri siku. Kwetu Pwani kuna adui wa ziada, unyevu wa bahari. Rodi zilizoachwa wazi usiku kucha hulowa, na mshono wake hutoka na vijitundu kama mkate wa mofa. Zihifadhiwe pakavu. Betri itenguliwe na tangi la mafuta litolewe kabla ya cheche ya kwanza.

Miguu ya mataruma nayo isisimame juu ya bati tupu la sakafu. Weka kiti kwenye mchanga wa Diani, ukikalie, miguu itazama. Weka ubao chini yake, kitatulia. Kwa sababu hiyo kila mguu wa tao hukaa juu ya bamba lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120. Na popote kichwa kinapoweza kufika, bomba livikwe sponji ngumu. Kwa gari la kawaida la barabarani, ambalo dereva wake havai kofia, chuma kitupu karibu na kichwa ni hatari kuliko kukosa mataruma.

Kwa msomaji wangu, basi: kabla hujanunua hata futi moja ya tyubu, waulize wakaguzi wa Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, wanakubali nini. Ukishaanza, usimwambie fundi "piga weldi". Mwambie apige bandi yote kwanza, mkague pamoja, kisha achomelee mzunguko mzima. Akikuambia amemaliza, muulize kila kiungo kwa jina lake: hiki kimepigwa bandi au kimechomelewa? Fundi mwaminifu atakujibu kwa neno moja. Asiye mwaminifu atatafuta neno la jumla ajifiche ndani yake.

Na kwa vyuo anuwai vyetu: mwanafunzi hufundishwa kupima bomba kwa milimita. Afundishwe pia kutaja kazi yake kwa kipimo hicho hicho. Maadamu lugha ya karakana ni Kiswahili, usalama wa karakana hauwezi kubaki katika lugha nyingine.