GARI LA KUJITENGENEZEA: MSHIKAJI, ANZA NA BREKI!

Ukifika Ndandalo, kule Kyela, utapishana na baiskeli mpaka uchoke. Huko baiskeli ndiyo mambo yote: inabeba mpunga, inabeba ndizi, na jioni inabeba shemeji kwenye keria. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea keria ya gunia huku anapiga stori. Basi kijana anajiuliza: kama magurudumu mawili tunayaweza, manne yatatushindaje?

Swali zuri, wala si ndoto ya mchana. Kibaha kuna Nyumbu, shirika la Wizara ya Ulinzi lililounda malori hapahapa Bongo. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Zikatoka Nyayo Pioneer tano za majaribio, na moja ikatimua kilometa 120 kwa saa. Kuzitengeneza kwa wingi ndiko kulikoshindikana, ukata ulibana. Na Machi 2022, mchora katuni Masoud Kipanya aliibuka Dar na kigari cha umeme. Watu midomo wazi!

Sasa wewe mwenye grainda na hamu, sikiliza. Wengi wanaanza na bodi, rangi na muziki mnene. Hapo ndipo wanapochemsha.

Anza na chesisi. Pima kwa futi kutoka kona hadi kona, mshazari. Vipimo viwili visipolingana, fremu imekwenda upande, na gari litatembea kama kaa. Usichomelee moja kwa moja; shikiza kwanza kwa vidoti, huku na huku, maana moto huvuta chuma. Kipande cha kushikia injini kikate kwanza kwa boksi la karatasi, ukijaribishe, ndipo ukate bati nene. Karatasi ikiharibika huna hasara.

Lakini stelingi na breki, baba, usibuni. Chukua seti nzima kutoka gari moja, ikiwa nzima. Mkono wa stelingi ukivunjika usiuchomelee: chuma kile kikishapata moto ovyo hupoteza ugumu wake, kikapasuka bila kukuaga. Wala usijaze oili ya injini kwenye breki eti mafuta ni mafuta. Oili huvimbisha mipira ya ndani, na siku ya mteremko utakanyaga pedali hewani.

Ukimaliza, jaribu uwanjani, polepole, bila abiria. Gari lisilokaguliwa na kusajiliwa halina ruhusa barabarani, hata kama mtaa mzima unakushangilia.

Najua utasema mwandishi anatutisha. Sikutishi, mshikaji. Keria ya baiskeli ikikatika, mpunga unamwagika na unauzoa. Breki ya gari ikikatika, kinachomwagika hakizoleki.

Kwa hiyo fundi, washa mashine. Bodi itasubiri.