Mkunjo Unaofanya Kazi, Mkunjo wa Mapambo

Jaribu kitu kidogo kabla hujaendelea kusoma. Chukua karatasi ya printa, ilaze juu ya vikombe viwili kama daraja, halafu weka simu yako katikati. Inabonyea na kuanguka, si ndiyo? Sasa ikunje karatasi hiyohiyo kama feni, mbele na nyuma, mikunjo myembamba, uirudishe pale pale. Safari hii simu inakaa. Hujaongeza karatasi wala gundi, umebadilisha umbo tu. Na kama umewahi kuitwa jikoni kukunja sambusa, mikono yako inalijua jambo hili tayari: ukanda mlegevu wa manda, mikunjo kadhaa ya pembetatu, na ghafla una mfuko mgumu wa kubebea nyama.

Origami ni maneno mawili ya Kijapani, kukunja na karatasi. Sisi nasi tuna kunja, na tukiongeza u tunapata kunjua, kama funga na fungua, ziba na zibua. Yaani Kiswahili kinakwambia ndani ya kitenzi kwamba kitu hiki kinaweza kurudi kilivyokuwa. Kwa wengi wetu tunaopanga vyumba vidogo na kuhama kila mkataba unapoisha, hilo si jambo la nadharia. Taa inayolala bapa ndani ya boksi unahama nayo. Isiyokunjika unaiacha kando ya pipa la taka.

Shida ni kwamba siku hizi kila kitu chenye pembe kali kinauzwa kwa jina la origami. Mimi nina swali moja la kuuliza dukani: ukiondoa mikunjo, kitu hiki kinasimama? Kama kinasimama vilevile, basi mikunjo ni mapambo, na wewe unalipia jina.

Taa za Le Klint za Denmark zinafaulu mtihani huo vizuri sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mbunifu wa majengo P. V. Jensen-Klint alikunja karatasi ili kutengeneza kifuniko cha taa yake mwenyewe. Ikawa kazi ya familia, na mwaka 1943 mwanawe Tage akaifanya kampuni mjini Odense. Mikunjo ndiyo inayolishika umbo, na kila mkunjo unaupokea mwanga kwa pembe yake, kwa hiyo upande mmoja unang'aa na mwingine unafifia. Baadaye Poul Christiansen akaanza kukunja kwa mistari ya kupinda badala ya iliyonyooka. Jaribu na wewe uone kazi yake: mstari wa kupinda haukubali karatasi ibaki bapa, unailazimisha kutuna. Taa hizo bado zinakunjwa kwa mkono.

Issey Miyake alifika hapo kwa njia ya nguo. Mwaka 2010 timu yake ilitoa mavazi yanayolala sakafuni kama umbo bapa la jiometri, ukiyainua yanakuwa gauni. Hesabu ya mikunjo ilitokana na kazi ya Jun Mitani, mwanasayansi wa kompyuta. Mwaka 2012 wakaigeuza mbinu hiyo kuwa taa, IN-EI, pamoja na kampuni ya Italia ya Artemide. Kitambaa chake kimetokana na chupa za plastiki zilizorejelezwa, na ndani hakuna fremu inayokishikilia.

Kwenye samani mambo yanakuwa magumu, kwa sababu ambayo watu hawaifikirii: unene. Karatasi ya printa ina unene wa kama milimita 0.1, na hesabu za origami huichukulia kana kwamba haina unene kabisa. Sasa weka ubao wa milimita 12. Mikunjo minne ikikutana mahali pamoja, mbao zinagongana kabla hata hujafika nusu ya njia. Mwaka 2015, Yan Chen, Rui Peng na Zhong You walichapisha katika jarida la Science namna ya kuzipanga bawaba katika viwango tofauti ili paneli nene zifuate mwendo uleule wa karatasi. Ukiona meza inayokunjika vizuri bila kukwama, ujue kuna mtu aliyeumiza kichwa kuhusu mahali pa kuweka bawaba. Njia nyingine ni kuukimbia ubao kabisa. Flux Chair, kiti cha Waholanzi Douwe Jacobs na Tom Schouten, ni bapa moja la polipropilini, plastiki ambayo ukiitengenezea mstari mwembamba inakunjwa mara nyingi bila kukatika. Unakikunja, unakikalia. Kwa maoni yangu hicho ni origami zaidi kuliko nusu ya vitu vyenye jina hilo.

Na kuna taa moja ambayo si origami hata kidogo, lakini siwezi kuiruka, kwa sababu aliyeibuni anatuhusu. Isamu Noguchi alizaliwa Los Angeles mwaka 1904, mama Mmarekani, baba Mjapani. Kule aliitwa mgeni na huku pia. Mwaka 1951 alifika Gifu, mji wa Japani wenye mafundi wa taa za karatasi na mianzi, akaanza kubuni Akari: karatasi ya magome ya mforosadi juu ya uzi wa mianzi unaozunguka, nayo inakunjika ikabaki bapa. Ufundi wa zamani, balbu ya kisasa. Wapo waliosema hivyo ni vyombo vya nyumbani, si sanaa. Mwaka 1986, alipoiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya Venice, alizipeleka Akari hukohuko.

Ukitaka kuanza mwenyewe, tafuta karatasi nene kidogo, gramu 160 hivi. Chora mistari kwa rula na kalamu iliyokwisha wino, ukibonyeza bila kukata, ndipo ukunje. Balbu iwe ya LED tu: ya wati 8 au 9 inatoa mwanga kama wa ile ya zamani ya wati 60, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa joto. Na hata hiyo ya LED, isiiguse karatasi.