Wadhamini watatu utawatoa wapi?

Wadau, kila tangazo la kazi za serikali likitoka, vijana waliomaliza chuo hunifuata niwasaidie kuandaa maombi. Vyeti wanavyo, GPA nzuri wanazo. Wanakwama kwenye mstari mmoja tu: wadhamini watatu wa kuaminika.

Hivi vitu si vya kubahatisha. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, yanayopitia Ajira Portal, humtaka mwombaji awe na barua aliyoisaini, vyeti, CV na majina ya wadhamini hao. Wengi huandika mjomba, baba mdogo na shehe au mchungaji wa mtaani. Sasa jamani, mjomba atasema nini kuhusu uchapakazi wako?

Mtoto wa mkubwa halimsumbui hili, simu za baba zinamtosha. Anayeumia ni mtoto wa mkulima wa Kibondo, ambaye kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo.

Kwake yeye mlango ni field. Lakini angalia inavyokwenda: anapelekwa ofisini, anatumwa fotokopi, anajaza logbook siku ya mwisho, anagongewa mhuri, basi. Na kama amekopeshwa na Bodi ya Mikopo, hata hela ya field ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kalipia mhuri!

Mimi huwaambia hivi. Mdhamini wa kwanza ni mwalimu: kuanzia mwaka wa kwanza nenda ofisini kwake na swali la maana, akujue kwa jina. Wa pili ni msimamizi wa field: mwombe kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Kama unasoma uhasibu, omba usuluhishi wa benki wa mwezi mmoja, uufanye mpaka hesabu zikubali. Wa tatu ni mtu uliyejitolea chini yake, hata kama ni kutunza daftari la kikundi. Wote waombe ruhusa kabla ya kuwaandika, na wajulishe kila unapotuma maombi.

Vyuo navyo viache kuleta semina ya ajira wiki mbili kabla ya mahafali. Hapo mdhamini hatengenezeki tena.

Haya, mliopita field, nani anawakumbuka mpaka leo? Na ninyi mnaopokea wanafunzi maofisini, mnawapa kazi au mnawapa mhuri? Karibuni tujadili.