Mlango Unaobana Masika

Mkulima ambaye mpini wa jembe lake umeanza kucheza hahitaji msumari. Jioni hulitumbukiza jembe kwenye ndoo ya maji, na asubuhi hulikuta limeshika barabara. Mti umekunywa maji, umefura, umelijaza tundu la chuma. Lakini jua likipiga siku chache jembe huanza kucheza tena, na safari hii hucheza kuliko mwanzo. Mti ulipofura ulikutana na chuma kisichosogea, nyuzi zake zikasagika, na ulipokauka ukarudi mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa.

Nimelitaja jembe kwa sababu kilichotokea kwenye ndoo ile ndicho kinachotokea kila mwaka kwenye milango yetu ya mbao, na wengi wetu tunakitibu vibaya. Mwezi Aprili mmoja mlango wangu wa nyuma ulikataa kufunga. Ilikuwa lazima uusukume kwa bega. Nikauvua, nikaupiga randa ukingoni mpaka ukapita bila kugusa, nikajiona nimemaliza kazi. Ilipofika Septemba, palikuwa na mwanya kati ya mlango na fremu uliopitisha mwanga na mbu. Mbao niliyoikwangua haikuwa ya ziada. Ilikuwa mbao halali ya mlango iliyovimba kwa msimu, nami niliitupa pamoja na maranda.

Ukiutazama ubao kwa hadubini utaona mkusanyiko wa mirija myembamba mno iliyolala kufuata urefu wa mti. Kuta za mirija hiyo zimejengwa kwa nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na lignini. Selulosi huyapenda maji. Molekuli za maji zilizo hewani huingia kati ya uzi na uzi, hushikamana nazo, na kuzisukuma zikae mbalimbali kidogo. Kwa kuwa nyuzi karibu zote zimelala kwa urefu, ubao hutanuka kwa upana na unene, si kwa urefu. Ubao wa mita 2 ukikauka kutoka ubichi kabisa hadi ukavu kabisa hupungua urefu kwa milimita chache tu. Upana ndio wenye matata, na hata huo una pande mbili: ubao uliopasuliwa kwa kuzifuata pete za mti hunywea karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kwa kuzikata pete hizo kuelekea kiini. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao ujikunje kama kigae cha paa unapokauka.

Maji ya mbao ni ya aina mbili, na nguo iliyofuliwa inaeleza vizuri. Ukiitoa kwenye beseni hutiririka maji. Ukiikamua, mtiririko hukoma, lakini nguo bado mbichi kwa sababu maji mengine yamo ndani ya nyuzi zenyewe. Mti uliokatwa leo una maji yanayotiririka ndani ya mirija, na hayo yanapotoka ubao hupungua uzito tu, haunywei. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, maji ya mirijani yamekwisha, yamebaki yale ya kwenye kuta. Kuanzia hapo kila tone linaloondoka linaupunguza ubao, na kila linalorudi linautanua.

Nayo hurudi. Mbao haikauki ikakaa hivyo milele, bali hutafuta mapatano na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Hewa ya asilimia 65 huipeleka kwenye 12, na hewa ya asilimia 80 huipeleka kwenye 16. Masika ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mara nyingi huivuka hiyo 80. Kiangazi cha Dodoma kiko upande wa pili kabisa, na ndiyo maana meza nzuri iliyotengenezwa Keko, Dar es Salaam, wakati wa mvua inaweza kupasuka katikati miezi michache baada ya kupelekwa Dodoma. Aliyeitengeneza huenda hakukosea kipimo hata kimoja.

Tupige hesabu ya mlango. Chukua mlango wa mbao za kusimama zilizopangwa bega kwa bega, upana sentimita 80, wa mti unaonywea asilimia 8 kutoka ubichi hadi ukavu kabisa. Mikaratusi mingi hufika hapo au kupita. Unyevu wa mbao ukipanda kutoka asilimia 12 hadi 16, mlango huo hutanuka zaidi ya milimita 8. Mwanya ambao fundi huuacha kati ya mlango na fremu ni kama milimita 3. Basi si ajabu kwamba unabana. Ajabu ingekuwa usibane. Mlango kama huo ukiwa wa mninga, mti mashuhuri kwa kutulia, hauchezi hata nusu ya hapo, na hiyo ni sababu moja ya mninga kupendwa na mafundi tangu zamani. Bei yake leo haikamatiki kwa wengi, na milango mingi mipya ni ya msonobari wa mashambani, kama ule wa Sao Hill kule Mufindi. Siudharau msonobari. Ninachosema ni kwamba unahitaji mkono wenye kuyajua haya zaidi ya mninga.

Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiishi na mchezo huu wa mbao bila kupigana nao. Mafundi wa majahazi wanajua kwamba chombo kilichokaa muda mrefu nchi kavu huvuja siku za kwanza za kurudishwa majini, mpaka mbao zifure na kuibana kalafati. Tazama pia milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kila mlango una mbawa mbili, na katikati husimama mfaa, ule ubao wenye nakshi unaofunika mshono wa mbawa hizo. Mbao zinyweeje kiangazi, ufa umejificha nyuma ya mfaa, na mtu aliye barabarani haoni kitu.

Mlango wa paneli umetatua tatizo hilohilo kwa njia nyingine, na mimi nauona kuwa miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa useremala. Mbao nne au tano nyembamba huunganishwa kuwa fremu ya mlango wenyewe, na paneli pana huchomekwa kwenye mfereji ndani yake. Mbao za kulala hazirefuki, kwa hiyo upana wa mlango hubadilika kwa kiasi cha zile mbili za kusimama tu. Kila moja ikiwa na upana wa sentimita 12, mlango wa mti ule wetu wa asilimia 8 hutanuka milimita 2 na nusu hivi badala ya 8. Paneli yenyewe hutanuka na kunywea ndani ya mfereji bila kumsumbua mtu. Ila kuna sharti: isitiwe gundi. Fundi mwenye haraka anayepaka gundi mferejini ili paneli isicheze ameifunga mikono na miguu. Kiangazi kikija itataka kunywea, haitapata nafasi, itapasuka. Na ukiona mstari mweupe usio na vanishi kandokando ya paneli, ujue ilipakwa baada ya kufungwa ndani. Paneli hupakwa kwanza, ndipo mlango uunganishwe.

Sasa tuje kwa mlango wako unaobana wiki hii. Usikimbilie randa. Anza na bawaba, maana milango mingi inayosemwa imevimba imeinama tu. Kama unagusa juu upande wa kitasa, au unaburuza sakafu upande huohuo, shika mlango kwa mikono miwili uuinue kidogo. Ukicheza, skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Zikaze. Tundu likiwa limelika, chonga kijiti cha mbao kavu, kipake gundi, kigonge ndani, kikate sawasawa na uso wa fremu, kisha rudisha skrubu. Kazi ya nusu saa, na huenda ikawa ndiyo yote.

Bawaba zikiwa salama, paka chaki kwenye ukingo wa mlango, ufunge na kuufungua. Chaki itakapofutika au kuacha alama kwenye fremu ndipo panapogusana. Sugua mshumaa hapo. Nta hupunguza msuguano na haivuti maji, tofauti na sabuni ambayo watu wengi huitumia. Kisha vumilia. Usiupige mlango teke ufunge kwa nguvu kila siku, kwa sababu mbao iliyofura ikibanwa husagika kama mpini wa jembe, na viungo vyake huanza kuachia.

Randa ina siku yake, nayo ni siku ya ukame. Mlango unaobana hata kiangazi ni mpana kweli, punguza. Kipimo kiko mfukoni mwako: kadi nne za benki zikiwekwa pamoja zina unene wa milimita 3 hivi. Katikati ya kiangazi zinapaswa kupita bila shida kati ya mlango na fremu, na ikiwa nyumba iko pwani, ongeza kadi ya tano.

Kwa anayetengeneza mlango mpya, kuna jambo la kufanya kabla hata hujaanza kukata vipande vya mlango. Kata kipande kidogo cha mbao uliyonunua, kiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa, na ukipime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku tatu au nne, ukiandika. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado inatoa maji, na mlango utakaoutengeneza leo hautakuwa na vipimo hivyo mwezi ujao. Panga mbao zako chini ya paa, weka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na usubiri uzito usimame. Muuzaji atakuambia ni kavu. Iulize mizani.

Kisha kuna upakaji. Hakuna rangi wala vanishi inayozuia unyevu kabisa, huuchelewesha tu, lakini kuuchelewesha kunatosha, kwa sababu mvua hupita kabla mlango haujashiba. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa kwa upande mwingine na kupinda, hivyo mlango hupakwa pande zote. Hapa ndipo kazi nyingi za mafundi wetu huharibika. Ukingo wa chini na wa juu huachwa bila rangi kwa kuwa hauonekani, ilhali hapo ndipo vichwa vya mbao za kusimama vilipo na mirija yote iko wazi, ikinywa kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko uso wa ubao. Maji ya deki na ya mvua inayorukia kizingitini huingilia hapo.

Chukua kioo kidogo, kilaze sakafuni chini ya mlango wako wa nje, utazame. Ukiona mbao tupu, weka alama kwenye kalenda. Kiangazi kikikolea, vua mlango huo, upige msasa kidogo, vumbi litoke, kisha paka vichwa vya mbao juu na chini mikono mitatu ya rangi au vanishi, ukiacha kila mkono ukauke. Kopo dogo kabisa dukani linatosha milango yote ya nyumba.